Nusu ya Mkate na Haki ya Mwenyewe

Hotuba iliyosomwa Buyenzi, Bujumbura, siku Jumuiya ilipoadhimisha kutimia kwa miaka arobaini



Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha, na twamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Halmashauri iliponitaka niseme maneno siku ya leo, fikira yangu ya kwanza ilikuwa kueleza namna msikiti wetu ulivyojengwa na madrasa yetu ilivyoanza. Walakini hayo yameelezwa vizuri na wazee walionitangulia, na kuyarudia itakuwa kuwachosha. Basi nimeona nijibu swali ambalo ni deni juu yangu.

Usiku mmoja baada ya darsa ya Magharibi, kijana mmoja katika wanafunzi wetu aliniuliza: "Sheikh, watu wawili wakigombania mali, mmoja akaichukua kwa hila, kisha wakapatanishwa wakaigawa nusu kwa nusu, je, ile nusu ya mwenye hila ni halali yake?" Nikamwambia, la, si halali. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi, Sheikh, hizi serikali zinazogawanywa nusu kwa nusu baada ya uchaguzi wenye mzozo, nazo je?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia, "Mwanangu, nipe muda." Muda aliponipa umekuwa mrefu, na leo nataka kulipa, mbele yenu nyote, kwa sababu jibu lenyewe lina sehemu inayonihusu mimi nafsi yangu.

Kwanza tuulize, serikali huwa halali kwa nini? Serikali yaweza kutiiwa kwa hofu, na yaweza kutiiwa kwa ridhaa. Ya hofu hutiiwa maadamu askari yuko macho. Ya ridhaa hutiiwa hata usiku, hata njiani pasipo mtu, kwa kuwa raia huiona kuwa ni yake. Katika dini yetu ridhaa hiyo ilikuwa ikionyeshwa kwa baia, mtu akimpa kiongozi mkono wake baada ya watu kushauriana. Leo nchi zina watu mamilioni, na mkono wa kila mmoja hauwezi kumfikia kiongozi. Ndipo ikawekwa kura. Kura ni mkono wa mtu uliotiwa ndani ya sanduku. Tena kura ni ushahidi, na karatasi iliyomo sandukuni ni amana. Anayeibadili hesabu yake amefanya mambo mawili kwa mara moja: amesema uongo katika ushahidi, na amekula amana. Na kinachopotea hapo ni zaidi ya kiti cha mgombea mmoja. Hupotea ile ridhaa, na ridhaa ikishapotea hairudishwi kwa tangazo la redio.

Sasa, hesabu ikitiliwa shaka, na kila upande ukishika silaha au mawe, watu wenye akili hufanya nini? Nyote mwajua habari ya Makuraishi walipoijenga upya Al-Kaaba, kabla ya Mtume kupewa utume, naye akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano. Kila ukoo ulitaka heshima ya kuliweka Jiwe Jeusi mahali pake, hata wakakaribia kumwaga damu. Wakakubaliana kwamba wa kwanza kuingia ndiye atakayewahukumu, na aliyeingia alikuwa yeye. Akatandika nguo, akaliweka jiwe katikati, akawaambia wakuu wa koo washike pembe zake wakaliinue pamoja. Kisha akalitia mahali pake kwa mkono wake. Watu wengi husifu hekima ya ile nguo, na ni haki kuisifu. Lakini tusisahau kwamba nguo haikuwa makusudio. Makusudio yalikuwa jiwe likae mahali pake. Lau wale wakuu wangaliishika nguo miaka mitano, kila mmoja akijivunia pembe yake, na jiwe likaning'inia hewani, wangalikuwa wamefanya nini?

Kwa kipimo hicho na tuzitazame nchi za jirani zetu, kisha tujitazame wenyewe.

Naanza na Unguja na Pemba, maana huko ndiko jambo hili lilikojaribiwa mara nyingi kuliko popote katika pwani yetu, na tena karibu wote waliogombana ni Waislamu, wasali kibla kimoja. Mzozo wa kura huko ni wa zamani kuliko uhuru. Katika uchaguzi wa Juni 1961 ghasia ziliua watu 68. Katika ule wa Julai 1963, Afro-Shirazi ilipata zaidi ya nusu ya kura zote lakini viti 13 tu katika 31. Vyama viwili vilivyoungana, Hizbu na ZPPP, vikapata viti 18 na kushika serikali. Kwa hesabu ya viti serikali ile ilikuwa halali. Katika nyoyo za wengi haikuwa hivyo. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 serikali ikapinduliwa, hata siku arobaini hazijatimia. Sisemi kwamba kura peke yake ndiyo iliyoleta mapinduzi, kwani mambo yalikuwa mengi na machungu. Nasema kwamba serikali inayosimama juu ya hesabu bila ya ridhaa, husimama juu ya mguu mmoja.

Vyama vingi viliporudi, uchaguzi wa Oktoba 1995 ulimpa Dakta Salmin Amour urais kwa tofauti ya kura zisizofika 2,000, katika kura zaidi ya 300,000. Chama cha CUF cha Maalim Seif Sharif Hamad kilikataa matokeo, na wawakilishi wake wakasusia Baraza. Pemba na Unguja zikagawanyika hata katika mazishi na harusi. Jumuiya ya Madola ikapatanisha, na mwezi wa Juni 1999 ukatiwa saini Muafaka wa kwanza. Ulikuwa na maneno mazuri juu ya tume ya uchaguzi, daftari la wapiga kura na mahakama, lakini sehemu kubwa ya maneno hayo ilibaki katika karatasi. Uchaguzi wa Oktoba 2000 ukaja katika hali ile ile, kura zikarudiwa katika majimbo 16 kati ya 50, na mwezi wa Januari 2001 waandamanaji wakapigwa risasi. Waliouawa walizidi 30, na watu wapatao 2,000 wakavuka bahari mpaka Shimoni, Kenya, wakawa wakimbizi. Hebu fikirini, ndugu zangu: mtu wa Pemba kuwa mkimbizi! Sisi watu wa Burundi twalijua neno hilo, lakini pwani haikuwa imelizoea.

Ukafuata Muafaka wa pili, Oktoba 2001, ambao ulileta nafuu fulani. Na baada ya uchaguzi wa 2005 mzozo ukarudi. Kisha tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif wakakutana Ikulu, wakazungumza wenyewe. Watu wakayaita Maridhiano. Na hapa nawaomba muangalie tofauti. Miafaka ile miwili ilikuwa ya vyama na viongozi wao. Maridhiano yalipelekwa kwa watu: tarehe 31 Julai 2010 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Katiba ikabadilishwa, ikawekwa nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais kutoka chama kilichokuwa cha pili. Uchaguzi wa Oktoba mwaka ule, Dakta Ali Mohamed Shein alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif asilimia 49.1, tofauti nyembamba kama uzi; na hapakuchomwa nyumba, hapakukimbia mtu. Kwa nini? Kwa sababu aliyeshindwa alijua kwamba kushindwa si kufukuzwa, na wafuasi wake walijua kwamba mtu wao hatalala nje.

Je, mambo yakaishia hapo kwa heri? Laiti. Mwezi wa Oktoba 2015, kura zikiwa zimekwisha kupigwa na matokeo yameanza kutangazwa, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi alitangaza kuufuta uchaguzi wote. Ukarudiwa Machi 2016, CUF ikasusia, na Dakta Shein akatangazwa kuwa na asilimia 91.4. Nafasi ya Makamu wa Kwanza ikabaki tupu mpaka baada ya uchaguzi wa 2020, ambao nao ulikuwa na malalamiko na misiba, hasa Pemba. Na bado mwezi wa Desemba 2020 Maalim Seif, sasa akiwa katika chama cha ACT-Wazalendo, aliingia tena serikalini, chini ya Rais Hussein Mwinyi. Wengi walimlaumu, wakasema amehalalisha yaliyo haramu. Wengine wakamsifu. Yeye alifariki tarehe 17 Februari 2021, baada ya miezi michache, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nitarudi kwenye lawama ile kabla sijamaliza, kwani ndilo swali la kijana wetu.

Funzo la Unguja, kwa maoni yangu, ni hili: nguo ilishikwa vizuri mwaka 2010, hata dunia ikashangaa, lakini jiwe halikuwekwa mahali pake. Kugawana vyeo kuliandikwa katika Katiba. Tume ya uchaguzi haikupata kuaminiwa na wote. Basi ilipofika siku ya kuhesabu, mkono mmoja ukaweza kuufuta mwaka mzima wa kampeni.

Tuje Kenya. Uchaguzi ulifanywa tarehe 27 Desemba 2007; tarehe 30 mwenyekiti wa tume, Samuel Kivuitu, alimtangaza Mwai Kibaki kuwa mshindi dhidi ya Raila Odinga kwa tofauti ya kura 230,000 na kitu, na Kibaki akaapishwa jioni ile ile. Nchi ikawaka moto. Tume ya Jaji Waki ilihesabu waliokufa kuwa 1,133, na waliofukuzwa makwao ni mamia ya maelfu. Katika hao wamo waliochomwa ndani ya kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret, siku ya mwaka mpya, wengi wao wanawake na watoto. Kofi Annan, Graça Machel na Benjamin Mkapa wakakaa na pande mbili, na tarehe 28 Februari 2008 Kibaki na Odinga wakatia saini mapatano mbele ya Rais Jakaya Kikwete, aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Mwezi wa Aprili Odinga akaapishwa kuwa Waziri Mkuu. Mawaziri walifika 40, na Wakenya, watu wa mzaha hata katika msiba, wakaiita serikali ya nusu mkate.

Serikali ile ilikuwa ghali, tena ilikuwa ya magomvi, mpaka watu wakachoka kuyasikia. Lakini ilifanya jambo moja ambalo Miafaka ya Unguja haikulifanya kwa wakati wake. Mapatano yalisema wazi kwamba kugawana madaraka ni hatua tu, na kwamba kuna kazi ya kufanywa kwa muda uliowekwa: Katiba, mahakama, tume ya uchaguzi, ardhi. Tume ya Jaji Kriegler ikachunguza uchaguzi wenyewe, ikasema uchaguzi ulivurugika kiasi cha kutowezekana kujua nani alishinda. Tume ile ya zamani ikavunjwa. Katiba mpya ikapigiwa kura tarehe 4 Agosti 2010, ikakubaliwa na asilimia 67 hivi, ikatangazwa tarehe 27 Agosti. Kwa Katiba hiyo ikazaliwa Mahakama ya Juu, ambayo tarehe 1 Septemba 2017 ilimwambia rais aliye madarakani kwamba uchaguzi wake ni batili, na wa pili ufanywe. Sisemi kwamba mzozo umekwisha Kenya. Hata mwaka ule wa 2017 watu walikufa. Lakini pahala pa kulalamikia pamejengwa, na pahala hapo hapakuwapo mwaka 2007.

Hata hivyo upo upungufu mmoja usiosahaulika. Wakubwa walipogawana mkate, waliochomewa nyumba hawakuketi mezani. Wengi walikaa katika mahema miaka mingi. Kesi zilizopelekwa The Hague dhidi ya wakubwa zilivunjika, moja mwishoni mwa 2014 na nyingine Aprili 2016. Sulhu ya mafahali wawili ni njema kwa nyasi, lakini haizioteshi zile zilizokwisha kukanyagwa.

Kwa ufupi nitaje Zimbabwe. Huko matokeo ya urais ya Machi 2008 yalikaa zaidi ya mwezi bila ya kutangazwa. Morgan Tsvangirai aliongoza, ikasemwa hakufikia nusu, na duru ya pili ikajaa mapigo hata akajitoa. Mapatano ya Septemba 2008 yakamfanya Waziri Mkuu mwezi wa Februari 2009. Bei za vitu zilizokuwa zikipanda kila siku zikatulia, na Katiba mpya ikapatikana 2013. Lakini jeshi na polisi vilibaki mkononi mwa upande mmoja. Aliyepewa wizara akanyimwa bunduki, aligawiwa kisahani pasi na chai.

Sasa na sisi wenyewe. Wazee mlio hapa mwakumbuka Juni 1993, jinsi tulivyopanga mstari na kupiga kura kwa amani, na jinsi aliyeshindwa alivyokubali na kumpongeza Rais Melchior Ndadaye. Uchaguzi ule haukuwa na mzozo katika hesabu. Mzozo uliletwa kwa silaha, tarehe 21 Oktoba, Rais alipouawa. Yaliyofuata sina haja ya kuyaeleza mbele ya watu walioyaona. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Namkumbuka mama mmoja wa mtaa huu aliyepika chungu kimoja kwa watu wa makabila mawili waliojificha chini ya dari moja, na alipoulizwa mlangoni nani wamo ndani, alijibu, "Wanangu."

Mwezi wa Septemba 1994 vyama vikatia saini mapatano ya kugawana serikali, na karibu nusu ya vyeo vikaenda kwa vyama vilivyokuwa vimeshindwa. Mapatano yale hayakutimiza miaka miwili. Julai 1996 jeshi likachukua nchi. Yalikosa nini? Yalifanywa huku risasi zikilia, na yakawafundisha watu kwamba anayeharibu hupewa fungu. Mgawo wa namna hiyo hauzimi moto, huuza kuni.

Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000, yaliyoanzwa na Mwalimu Nyerere na kumalizwa na Mzee Mandela, yalishika njia nyingine. Yaliweka mafungu kabla ya kura badala ya baada yake. Katiba ya 2005 ikasema serikali na Baraza la Taifa viwe asilimia 60 Wahutu na asilimia 40 Watutsi, Batwa wapate wabunge watatu, wanawake wasipungue asilimia 30, na katika jeshi pasiwe na kabila linalozidi nusu. Mtu aliingia katika uchaguzi akijua kwamba matokeo yoyote yale hayatamtoa yeye na watoto wake nje ya nchi yao. Hilo lilitupa pumzi, nasi twashukuru. Walakini mwaka 2015 ulitukumbusha kwamba mafungu yaliyoandikwa hayatoshi kama watu hawaafikiani juu ya maana ya maandishi yenyewe. Yaliyotupata mwaka ule twayajua sote, na baadhi ya jamaa zetu bado wako ng'ambo.

Ndugu zangu, nimesema jibu langu lina sehemu inayonihusu. Nimemwomba Mwenyekiti ruhusa ya kuisema, naye amenipa.

Mwakumbuka, miaka kumi na minne iliyopita, uchaguzi wa Halmashauri ya Jumuiya hii ulitugawa. Mshindi alitangazwa kwa kura saba. Upande wa pili ukakataa. Zikawa Halmashauri mbili, mihuri miwili, na mlango wa madrasa ukatiwa makufuli mawili, kila upande na ufunguo wake. Hata watoto wakasoma chini ya mwembe, jua likiwachoma na mvua ikiwafukuza. Mwishowe wazee wakatupatanisha, vyeo vikagawanywa nusu kwa nusu, na makufuli yakafunguliwa.

Mimi nilikuwa katika watu wanne waliohesabu kura zile. Fungu moja la kura kumi lilihesabiwa mara mbili. Niliona. Lilikuwa fungu la upande wangu, nami nikanyamaza. Nilijiambia kwamba ni kosa tu la mwenzangu, si wizi wangu, na kwamba upande wetu ndio wenye elimu na utaifaa Jumuiya zaidi. Kila mwenye kuiba kura, mkubwa kwa mdogo, naamini hujiambia maneno hayo hayo.

Tukakaa katika ile Halmashauri ya pamoja mwaka mzima. Niliketi karibu na mzee aliyekuwa mgombea wa upande wa pili, fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Siku moja nilishindwa kustahimili. Nikamfuata kibandani kwake, nikamweleza. Hakuinua macho katika nguo aliyokuwa akiishona. Akasema, "Sheikh, mimi nilijua tangu siku ile. Nilihesabu midomo yenu ilivyokuwa ikitembea." Nikamwuliza, basi kwa nini ulikubali nusu, na yote ilikuwa yako? Akasema, "Watoto walikuwa juani." Kisha akaniambia, "Mimi nimesamehe. Lakini wewe usiile nusu yako bure. Tengeneza daftari."

Mzee huyo amekwisha kufariki, Mwenyezi Mungu amlaze pema. Daftari la wanachama mnaloliona likibandikwa ukutani kila mwaka, ambalo watu hunisifu kwalo, si fadhila yangu. Ni deni aliloniwekea yeye.

Basi, kijana wangu, jibu lako ni hili. Nusu haiwi halali kwa wote wawili kwa namna moja. Aliyedhulumiwa akikubali nusu ili damu isimwagike, amefanya wema, wala haijuzu kumwita msaliti; Sayyidna Hasan bin Ali aliuacha ukhalifa wote, si nusu, mwaka wa 41 Hijria, na Waislamu wakauita mwaka ule Mwaka wa Jamaa. Wanaomlaumu Maalim Seif na walitafakari hayo. Lakini aliyedhulumu, nusu yake ni deni mpaka airudishe haki. Na kwa kuwa uchaguzi uliopita haurudi, njia ya kuirudisha ni kuusafisha ule ujao: daftari, tume, mahakama, na bunduki isiyo ya chama. Na pale isipojulikana nani alishinda, kama Kriegler alivyosema juu ya Kenya, basi serikali ile ni kama mali isiyojulikana mwenyewe. Fakihi wetu wametufundisha mali hiyo huenda wapi: katika maslahi ya watu wote. Anayeipokea ni mlinzi wake tu. Akiitia mfukoni, amekula mali ya watu.

Kwa hiyo serikali ya kugawana haipati uhalali wake siku ya kutiwa saini. Siku hiyo hupewa mkopo tu. Uhalali huupata ikilipa, na ikiisha muda wake bila ya kulipa, wote wawili walioketi katika meza ile hudaiwa, hata yule aliyedhulumiwa mwanzo, maana amekuwa mshirika katika kuchelewesha.

Nanyi wazee wa Halmashauri, mwakani tutapiga kura tena, Inshallah. Nawaomba daftari libandikwe mwezi mmoja kabla. Kura zihesabiwe kwa sauti, karatasi ikiinuliwa juu, na wa pande zote wakiwa wanaona. Nasi tunaopanda mimbari tunyamaze juu ya wagombea mpaka kazi iishe. Na kama yuko mwenye kuhesabu atakayeona fungu moja likihesabiwa mara mbili, naye aone kwamba ni la upande wake, asinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Aseme pale pale, maana kukawia kusema kunapunguza thamani ya neno.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa Pemba, Eldoret, Harare na katika vilima vyetu hivi. Awarudishe salama jamaa zetu walio ng'ambo. Awape viongozi wetu hofu ya siku ya hesabu ambayo haina tume wala rufani. Na aijaalie Jumuiya hii miaka arobaini mingine, mlango wake ukiwa na ufunguo mmoja. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.